iPhone, Samsung au Tecno: chagua kampuni kabla hujachagua simu

Ukishuka mwendokasi Msimbazi Polisi ukaingia mtaa wa Aggrey, Kariakoo jijini Dar, winga wa kwanza (dalali wa mtaani) atakuuliza bajeti yako ni shilingi ngapi. Wa pili atakutajia kamera, megapikseli hamsini, mia moja na nane, huku ameshakushika mkono kukupeleka dukani. Hakuna atakayekuuliza ungependa kuishi na kampuni gani, na hilo ndilo swali lenye fedha nyingi kuliko yote. Simu unayoilipia leo itaendelea kuwategemea walioitengeneza kwa miaka mitatu, minne, hata saba ijayo. Wao ndio watakaoamua kama itapata masasisho ya usalama, kama kioo chake kitapatikana, kama WhatsApp itaendelea kufunguka.

Nitaziweka pamoja nyumba tatu ambazo simu zake zimelijaza jiji hili: Apple ya Marekani, Samsung ya Korea Kusini, na Transsion ya China, mama wa Tecno, Infinix na itel. Zote tatu husema zinatafuta ubora na uvumbuzi, na naamini zote zinasema kweli. Zinatofautiana katika jambo ambalo kila moja imeamua kulihangaikia. Usipolijua jambo hilo, unaweza kulipia jasho lililomwagika kwa ajili ya shida ya mtu mwingine kabisa.

Kila nyumba na hangaiko lake

Steve Jobs aliporudi Apple mwaka 1997 kampuni ilikuwa inaelekea kufilisika. Alifuta sehemu kubwa ya bidhaa zake na kubakiza mpango wa kompyuta nne tu: za watu wa kawaida na za wataalamu, za mezani na za kubeba. Tabia ile ya kufanya vichache haijawatoka. iPhone ya kwanza ilionyeshwa tarehe 9 Januari 2007 ikiwa na uso wa plastiki. Plastiki ile ikaonekana inachunika ikikaa mfuko mmoja na funguo, basi ilipoingia sokoni tarehe 29 Juni mwaka huohuo ilikuwa na kioo kutoka kampuni ya Corning. Kubadilisha uso wa simu ikiwa imeshaonyeshwa hadharani ni uamuzi ambao wahasibu wengi wangeukataa.

Simu hiyohiyo, hata hivyo, haikuweza kunakili na kubandika maandishi. Uwezo huo ulikuja mwaka 2009. Skrini kubwa ilisubiri hadi 2014. Tundu la USB-C, ambalo wenye Android walishalizoea, lilifika 2023 baada ya Umoja wa Ulaya kupitisha sheria ya chaja ya aina moja. Apple iko radhi ukikose kitu kwa miaka kuliko kukupa kikiwa nusu nusu. Mara nyingi hilo ni utu kwa mteja. Kwenye suala la chaja lilikuwa ubishi tu.

Samsung ina hasira ya aina nyingine. Mwaka 1993, akiwa Frankfurt, mwenyekiti wake Lee Kun-hee aliwaambia wakuu wa kampuni wabadilishe kila kitu isipokuwa wake zao na watoto. Miaka miwili baadaye aligundua kwamba simu alizowapa watu zawadi zilikuwa mbovu. Vifaa wapatavyo 150,000, simu zikiwemo, vikarundikwa kwenye uwanja wa kiwanda cha Gumi, vikapondwa na kuchomwa moto mbele ya wafanyakazi wapatao 2,000, wengine wakilia kwa kuona kazi ya mikono yao ikiteketea.

Hasira hiyo inaishi pamoja na uthubutu. Galaxy Note ya mwaka 2011 ilikuwa na skrini ya inchi 5.3 na wengi waliicheka ukubwa wake. Leo ukimpa mtu simu ya inchi 5.3 atakuuliza kama ni ya mtoto. Mwaka 2019 ikaja simu ya kukunjwa, ambayo uuzaji wake uliahirishwa kutoka Aprili hadi Septemba baada ya skrini za waliopewa kuijaribu kuharibika. Samsung hujaribu hadharani, hukwaruzika hadharani, kisha hurudi. Tena hutengeneza yenyewe skrini na kumbukumbu zake, kiasi kwamba skrini za OLED za iPhone X ya mwaka 2017 zilitoka kwake. Wanaobishana vijiweni kuhusu nani ana skrini bora wangefaidika na habari hiyo.

Sasa Transsion, ambayo nataka kukaa nayo zaidi kwa sababu hapa Dar inadharauliwa bila haki. Zhu Zhaojiang aliianzisha mwaka 2006, na kufikia 2008 ikawa imeelekeza nguvu zake Afrika, wakati kampuni kubwa zilituona soko la kumalizia mabaki. Waliangalia mtu anavyoishi. Walimwona ana laini mbili au tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, wakamtengenezea simu ya laini mbili, baadaye hata nne. Walimwona anapeleka simu kuchajisha kwa jirani mwenye umeme, wakaongeza betri. Walimwona kwenye picha ya jioni amegeuka kivuli, meno na macho tu ndiyo yanaonekana.

Shida hiyo ya picha ilikuwepo kwa miongo na wakubwa hawakuiona kuwa shida, kwa maana kamera zao zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Wahandisi wa Transsion walikusanya picha nyingi za Waafrika, wakaifundisha kamera kuutafuta uso kwa kutumia hayohayo macho na meno, kisha kuongeza mwanga kulingana na rangi ya ngozi. Mimi huu nauita uvumbuzi wa daraja la kwanza, na sitaki kuusikia ukiitwa ujanja wa biashara. Kampuni nyingine kubwa zilikuja kutangaza kazi yao juu ya ngozi nyeusi miaka mingi baadaye, na zikapigiwa makofi.

Siku walipoaibika

Kila kampuni hupendeza siku ya uzinduzi. Ubora wake unaujua siku kazi yake inapoharibika.

Samsung ilizindua Galaxy Note 7 Agosti 2016, na betri zikaanza kuwaka. Ikazikusanya, ikawapa watu nyingine zenye betri za mtengenezaji tofauti, nazo zikawaka. Oktoba ikaifuta simu hiyo moja kwa moja, huku mashirika ya ndege yakiipiga marufuku. Januari 2017 ikasimama mbele ya dunia na kueleza ilichokikuta: wahandisi wapatao 700 walipima simu 200,000 na betri 30,000, wakabaini kasoro mbili tofauti kwenye betri za watengenezaji wawili. Ikaweka ukaguzi wa betri wa hatua nane. Sijaona kampuni nyingine ya simu iliyofungua jeraha lake wazi namna hiyo, na nadhani watu wengi hawajaipa heshima inayostahili kwa jambo hilo.

Apple iliaibika kwa kunyamaza. Desemba 2017 ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yanapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka. Sababu ya kiufundi ilikuwa ya kweli: betri iliyochakaa hushindwa kutoa umeme wa kutosha prosesa inapouhitaji mwingi kwa mara moja, simu ikazima ghafla. Lakini hawakusema, na watu wakanunua simu mpya wakati walihitaji betri tu. Wakaomba radhi, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018, na mwaka 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi huko Marekani. Ule ukurasa wa afya ya betri, ambao kila muuza iPhone wa Kariakoo hukufungulia akisema "ona, asilimia tisini", ulizaliwa na aibu ile.

Ya Transsion inaniuma zaidi. Mwaka 2020 wachunguzi wa usalama wa kampuni ya Upstream walikuta simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zikiwa na programu hasidi ndani yake kabla hazijamfikia mnunuzi. Programu hiyo ilimwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua, ikala salio na bando. Kampuni ilisema tatizo lilipenya kupitia mtoa huduma mmoja katika mnyororo wa uzalishaji na kwamba ilitoa marekebisho. Sawa. Lakini walioibiwa ni watu wanaoweka vocha ya mia tano. Anayemjua mtu wa kipato kidogo vizuri kiasi cha kumtengenezea kamera anapaswa kulilinda salio lake pia kwa bidii ileile. Hata leo simu nyingi za nyumba hii hutoka kwenye boksi zikiwa na programu usizoziomba na matangazo yanayoruka kwenye skrini. Ukinunua, jioni yake ya kwanza kaa chini uziondoe au uzizime moja moja.

Kuna waliokuwa hodari na bado wakaondoka. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi, iliuzwa zaidi ya milioni 250, na mwaka 2014 biashara ya simu ya Nokia ikawa mali ya Microsoft. LG ilitutolea simu yenye skrini inayozunguka mwaka 2020, mwaka uliofuata ikajitoa kwenye simu. Ukikutana na LG nzuri kwa bei ya kutupa pale mtaa wa Likoma, kumbuka nyuma yake hakuna tena mwenye nyumba.

Miaka inayofuata ukishalipa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa Dar wanapopoteza hela bila kuhisi.

iPhone 5s ilitoka mwaka 2013, na Januari 2023 Apple ilikuwa bado inaipelekea marekebisho ya usalama. iPhone 11 za mwaka 2019, zikiwemo zile za macho matatu zinazotafutwa sana, zilipokea iOS 26, toleo la mfumo wa iPhone la mwaka 2025. Cha ajabu ni kwamba Apple haipendi kuahidi: mwaka 2024 sheria ya Uingereza ilipoilazimisha iandike muda, iliandika angalau miaka mitano. Hutenda zaidi ya inavyosema.

Samsung imeamua kusema kwa sauti. Januari 2024, ilipotoa Galaxy S24, iliahidi miaka saba ya matoleo mapya ya Android na ya usalama. Mwishoni mwa mwaka huo ikaitolea Galaxy A16 ahadi ya miaka sita. A16 ni simu ya mtu wa kawaida, ya mwalimu, ya mwenye duka la rejareja. Kwangu mimi, kuipa simu ya daraja hilo miaka sita ni uvumbuzi mkubwa kuliko kukunja skrini, ingawa hauonekani kwenye kabati la kioo na winga hautaji. Tahadhari moja tu: ahadi hiyo itaiva mwaka 2030, kwa hiyo kwa sasa tunaiamini kampuni kwa rekodi yake, wala haijamaliza mtihani.

Transsion ndipo inapoanguka. Kwa muda mrefu simu zake za bei nafuu zimebaki na Android ileile zilizotoka nayo dukani, au kupanda toleo moja. Kwa baadhi ya simu za juu, hasa za Camon, imeanza kuahidi zaidi. Soma ahadi ya modeli yenyewe unayoishika, usisome sifa ya jina.

Wengine huuliza masasisho yana kazi gani ikiwa simu inapiga na kupokea. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, na Mei ya mwaka huo ikaanza kudai iOS 15.1, ikaziacha iPhone 5s na iPhone 6 nje. Mama anayeuza vitenge mtaa wa Congo, ambaye wateja wake wa Morogoro na Dodoma humtumia oda kwa picha, anajua maana ya WhatsApp kukataa kufunguka asubuhi ya sikukuu. Benki nazo hufanya hivyohivyo na programu zao.

Kwa hiyo gawa bei kwa miaka. Tuseme simu moja ni laki nne na unaitegemea miaka miwili. Nyingine ni milioni moja na laki mbili na utaifikisha miaka sita. Zote zinakugharimu laki mbili kwa mwaka, na ile ya pili imekulinda muda wote. Hesabu hii huvunjika kama huna milioni na laki mbili kwa mkupuo, na watu wengi hatuna. Hapo ndipo simu za mkopo zinapoingia, zile unazolipa kila siku na zinazojifunga ukichelewa. Kabla hujaweka sahihi, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza kianzio, kisha linganisha jumla hiyo na bei ya taslimu dukani. Tofauti ikikutisha, afadhali uchukue itel ya bei ndogo kwa sasa huku ukiweka akiba.

Zikiwa hapa kwetu, kwenye joto na kwa fundi

Ulinganisho mwingi tunaousoma huandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, wenye umeme usiozimika na duka la kampuni kwenye kona. Apple haina duka lake yenyewe Tanzania. Fundi wa Kariakoo atakubadilishia kioo cha iPhone 11 vizuri, lakini simu itatoa ujumbe kwamba sehemu hiyo haitambuliki, na ukija kuiuza mnunuzi atauona. Betri nazo zina ujumbe kama huo kuanzia iPhone XS. Samsung ina huduma zake jijini, ila kioo chake cha AMOLED ni ghali, na fundi mwenye haraka atakuwekea kopi iliyopauka usipomwambia waziwazi kwamba unataka OG, yaani halisi, na ukaiona ikiwaka kabla hajaibandika. Tecno, Infinix na itel ndizo zinazowafurahisha mafundi: vioo viko kila kibanda, bei inaeleweka, na Carlcare, kitengo chao cha matengenezo, kipo kwa anayetaka kutumia waranti. Kwenye kipengele hiki Transsion inawashinda wenzake wawili kwa mbali, na kampuni inayohakikisha kifaa chake kinarekebishika kwa mtu wa kipato cha chini inatafuta ubora, hata kama haipewi tuzo kwa hilo.

Kuhusu laini, mtu mwenye M-Pesa kwenye laini moja na Mixx by Yas kwenye nyingine hahitaji kufikiri sana akishika Tecno au Samsung A. Zote mbili zinaingia. iPhone nyingi tunazozipata zina tundu la laini moja na nafasi ya eSIM, yaani laini isiyo na kadi, kuanzia XS na XR za mwaka 2018. Nyingi zilizotoka China bara na Hong Kong huwa na laini mbili za kawaida. Zilizouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 hazina tundu la laini kabisa, na hizo zimeshaingia Kariakoo kwa wingi. Baadhi ya mitandao yetu inatoa eSIM, lakini wakala wa fedha anayebadilisha laini mara kwa mara atateseka nazo. Tena iPhone iliyouzwa Japani inaweza kulia sauti ya kamera hata ukiwa umezima sauti, jambo litakalokutia aibu kwenye msiba.

Betri usizipime kwa namba peke yake. iPhone 11 ina mAh 3,110, Samsung A nyingi zina 5,000, na Tecno Pova 3 ya mwaka 2022 ilifika 7,000. iPhone hutumia umeme kwa ubahili ikiwa imelala mfukoni, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko namba zinavyoonyesha. Ila siku umeme umekatika tangu alfajiri na wewe unafungua ramani na kupokea simu za wateja mpaka usiku, hakuna ubahili utakaoshinda betri kubwa.

Halafu kuna jua. Apple yenyewe inaelekeza iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Januari na Februari, simu iliyoning'inizwa mbele ya bajaji saa saba mchana inapita hapo kirahisi, inapunguza mwanga, na mwisho inagoma mpaka ipoe. Tena mwaka 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone, zile zenye lenzi inayojongea kutuliza picha. Simu yoyote yenye teknolojia hiyo iko kwenye hatari ya namna hiyo. Simu ya bei ndogo isiyo na lenzi ya kujongea iko salama zaidi kwenye usukani, na hapa udogo wake umekuwa faida.

Mvua za masika nazo zisisahaulike. iPhone kuanzia iPhone 7 ya mwaka 2016 na Samsung kama A35 na A55 zina kinga nzuri ya maji, lakini kinga hiyo hutegemea gundi iliyozungushwa kiwandani. Fundi akishafungua kioo hata mara moja, ichukulie simu kama haina kinga tena.

Nani achukue nini

Dereva wa bodaboda au bajaji anayepokea abiria kwa programu: Tecno Pova au Infinix yenye betri kubwa. Usimwambie mtu huyu habari za miaka saba. Simu yake itaanguka lami kabla ya hapo, na kioo cha bei nafuu kitamrudisha barabarani siku hiyohiyo. Wakala wa fedha naye aende hukohuko, na ikiwezekana awe na kitochi pembeni cha kupigia *150*00# siku simu kubwa ikizingua.

Mwanafunzi wa Mlimani, mwalimu, mfanyakazi wa ofisi ya Posta, mama mwenye duka na kundi la WhatsApp la wateja: Samsung A mpya, kuanzia A16 kwenda juu. Hili ndilo kundi kubwa zaidi na ndilo ninaloliombea lisidanganywe na iPhone kuukuu. Najua heshima ambayo tufaa lile linaleta mjini. Lakini iPhone XR ya mwaka 2018 haikupata iOS 26, na anayeinunua leo ananunua mwisho wa safari kwa bei ya katikati. Samsung S ya zamani kidogo, tuseme S21, nayo ina picha nzuri kuliko A mpya, ila ilitoka kabla ya ahadi ya miaka saba na haiihusu.

Anayepiga picha na video kwa kazi, za harusi, za chakula, za nguo anazouza mtandaoni, na aliye tayari kukaa na simu moja miaka mitano: iPhone 13 kwenda juu, iliyo safi. Video yake hutulia, programu za picha mara nyingi hutengenezwa vizuri zaidi kwa ajili yake, na ukija kuiuza bado itakuwa na bei. Asiyekuwa na fedha za kufika hapo akubali Tecno Camon bila kuona haya. Kwa sura za watu wetu, hasa jioni na ndani ya ukumbi, kamera ile inajua kazi yake.

Mzazi aliyeko kijijini anayetaka kusikia sauti ya wajukuu na kupokea hela ya matumizi anatoshwa na itel ya vitufe. Ukitaka awaone kwa video, mtafutie Samsung A ndogo na umwondolee programu zote asizozihitaji kabla hujaipakia kwenye basi pale stendi ya Magufuli.

Ukishaamua, rudi Kariakoo mchana, kabla maduka hayajaanza kufunga. Kabla ya kulipa piga *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090; TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu gani. Waliopuuza hilo walijikuta na simu zisizo na mtandao Juni 2016, simu bandia zilipozimwa. Kama ni iPhone iliyotumika, muuzaji aondoe akaunti yake ya iCloud wewe ukiwa unaangalia, kisha uiwashe upya mpaka ikuulize lugha. Kama ni Android, akaunti ya Google nayo iondolewe hivyohivyo. Chomeka laini yako mwenyewe, piga simu, fungua menyu ya fedha, washa kamera zote, chaji dakika chache uone kama haipati moto. Halafu dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na namba ya IMEI iandikwe kwenye karatasi ya waranti, kwa kuwa waranti isiyo na namba hiyo inaweza kukataliwa ukirudi na tatizo.